Risasi isiyo na risasi: kuchagua kichwa cha shaba kwa bunduki ya nyati

Kiswahili kinaita metali na kile kinachotoka mtutuni kwa jina moja, risasi, na mkanganyiko huanzia hapo. Hapa risasi ni ile metali. Kinachoruka tukiite kichwa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mwindaji wa Nairobi anayetaka nyati huvuka kwenda Tanzania. Tumbusi hawajui mpaka. Wanaozaliana kwenye miamba ya Hell's Gate, Naivasha, huruka mamia ya kilomita kutafuta mzoga. Kichwa cha risasi kikigonga mfupa humwaga vipande vidogo mno ndani ya nyama na matumbo, na asidi kali ya tumbo la ndege huyo huviyeyusha, sumu ikaingia mwilini. Nyama yenyewe huliwa na wafuata nyayo na watoto wao. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuhamia shaba.

Kosa la kwanza dukani ni kununua uzito uleule uliozoea. Risasi ina uzito wa gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo, shaba 8.96. Kichwa cha shaba chenye uzito sawa lazima kiwe kirefu zaidi, na kirefu huhitaji mtutu unaokizungusha kwa kasi zaidi. La sivyo huyumba na kutawanya shabaha. Shuka hatua moja. Kwa .375 H&H, risasi ya bunduki ya nyati, acha kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), chukua 270 au hata 250. Kwa .30-06 ya swala wakubwa, toka 180 uende 165 au 168. Hupotezi nguvu ya kupenya, kwa sababu kichwa cha shaba hubaki na karibu uzito wake wote ndani ya mnyama, wakati cha risasi laini hupukutika njiani.

Shaba hufunguka kwa mwendo. Vingi vinahitaji takriban mita 550 kwa sekunde pale vinapogonga. Chini ya hapo hutoboa kama msumari. Soma kiwango cha mtengenezaji kwenye pakiti, kisha usipige mbali kuliko kinavyoruhusu. Vyenye ncha ya plastiki huanza kufunguka kwa urahisi zaidi, maana tundu tupu la mbele linaweza kuzibwa.

Jeraha la shaba mara nyingi ni jembamba. Lenga bega, uvunje mfupa, badala ya kupitisha nyuma yake kwenye mapafu peke yake. Na angalia nyuma ya nyati: kichwa hiki hutokea upande wa pili, na kundi likiwa limesongamana utajeruhi wa pili. Subiri asimame peke yake.

Bunduki kongwe za mitutu miwili zina kuta nyembamba, na shaba ngumu huzisumbua. Chagua kichwa chenye mikato ya kuzunguka mwili, tena baada ya fundi wa bunduki kuukagua mtutu.

Kabla ya kupima shabaha, toa mabaki yote ya zamani mtutuni. Piga mbili tatu za kuzoesha, kisha makundi matatu ya mipigo mitatu kwa mita 100, ukiacha mtutu upoe. Safisha kwa dawa yenye amonia. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu, shaba bado ipo. Tumia brashi ya nailoni, kwa sababu brashi ya shaba nyeusi (bronzi) nayo huacha buluu ileile, na utasugua usiku kucha mtutu uliokwisha kutakata.