Mashine ya kupanda sebuleni, kwa ajili ya mlima wa Lushoto

Sisi waendesha baiskeli wa Dar tuna shida moja ambayo wenzetu wa Arusha na Mbeya hawaijui kabisa, hatuna mlima. Ukitoka Mbezi Beach ukaifuata Barabara ya Bagamoyo mpaka Bunju na kurudi utapata kilomita, utapata jua, moshi wa malori nao utaupata, ila kupanda hupati. Kuna Pugu kuelekea Kisarawe, kuna na vipande vya Goba vinavyoinuka inuka, lakini ni dakika chache tu, mwili haujaanza hata kuelewa kama kuna kazi tayari uko juu unatafuta maji. Sasa mtu kama mimi niliyekuwa na hamu ya miaka ya kupanda Mombo hadi Lushoto bila kushuka kwenye baiskeli, nafanyia wapi mazoezi?

Kwa wasioijua hiyo njia, Mombo iko pale kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, chini ya Usambara, karibu mita 400 kutoka usawa wa bahari, na Lushoto iko kama mita 1,400. Yani unapanda kilomita moja nzima ya kwenda juu ndani ya kilomita 30 na ushee za barabara. Ukiipigia hesabu sio mkali sana huo mlima, kwa wastani ni kama asilimia tatu, zipo sehemu zinakaza na zipo sehemu zinakupa pumzi. Kinachomaliza watu pale ni muda. Kwa mtu wa kawaida ni masaa mawili hivi ya kusukuma, kona baada ya kona, huku bonde liko pembeni na malori ya kabichi na karoti yanashuka upande wa pili, na hakuna pahala utakaa uache miguu ikupeleke yenyewe kama tulivyozoea huku pwani.

Ndo nikaanza kuitafuta mashine ya kupanda. Sio ile ya kukimbilia, na sio ile ya ngazi zinazozunguka kama za kwenye maduka makubwa, hii ni nguzo ya chuma iliyosimama imelala nyuma kidogo, ina vishikio viwili vya mikono na vikanyagio viwili vya miguu, upande mmoja ukishuka mwingine unapanda kwa sababu vimeunganishwa na mkanda unaopita kwenye kapi. Kwenye jimu kubwa utaikuta ile inaitwa VersaClimber, ni ya Marekani, yenyewe inasimama kwa nyuzi 75 kutoka sakafuni na ni ghali mno. Za nyumbani ni nyepesi, zinakunjwa, unaisimamisha nyuma ya mlango ukimaliza. Yangu niliipata mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama. Na kitu nilichokipendea kuliko vyote, haihitaji umeme, ile skrini yake ndogo inatumia betri basi. Luku ikiisha, umeme ukikatika, wewe unapanda tu.

Kwa nini isiwe baiskeli ya mazoezi ya ndani, ile isiyosogea? Hili naulizwa sana, na jibu langu ni kwamba kama unayo ile, itumie, ndo inafanana zaidi na baiskeli yenyewe. Ila mashine ya kupanda ina kitu chake. Kwenye baiskeli tandiko linakubebea sehemu kubwa ya uzito, kwenye mashine hii hakuna wa kukubebea, kila mguu unaosukuma chini unakunyanyua wewe mzima, alaf mikono nayo inafanya kazi, kwa hiyo moyo unapanda haraka mno. Mara ya kwanza mtu akipanda hata kama ana kilomita nyingi kwenye miguu atashangaa dakika ya pili anahema. Sio kwamba hana mazoezi, ni kwamba misuli mingi inadai damu kwa wakati mmoja. Moyo unaozoea kuilisha hiyo misuli yote, siku ukiwa umekaa kwenye tandiko miguu peke yake ndo inadai, unajikuta una akiba.

Na kuna habari ya mifupa, hii watu wa baiskeli hatuiongelei inavyostahili. Baiskeli haiwekei mifupa uzito, tunaendesha miaka tukiwa tumekaa, ndo maana hata wale wanaoendesha kwa kulipwa wengine wanapimwa mifupa inakutwa imepungua uzito, hasa mgongoni na nyongani. Kwenye mashine umesimama na uzito wako wote, ingawa haina kishindo kama cha kukimbia kwenye lami, kwa hiyo magoti yanasalimika lakini kwa upande wa mifupa bado ni vizuri ukaongeza kunyanyua vitu vizito vizito. Mi nachuchumaa na ndoo ya maji ya lita 20, inatosha.

Sasa namna ya kuitumia, maana hapa ndo penye kazi. Ukiifuata ile mitindo ya video za kupunguza tumbo utapanda kwa hatua fupi fupi za haraka haraka dakika nne umelowa, umechoka, na mlima wa Lushoto haujausogelea hata kidogo. Mlima mrefu unataka kitu kingine. Chukua hatua ndefu, mguu ushuke mpaka karibu unyooke, na uende taratibu, taratibu kweli kweli. Kipimo changu ni maneno, nikiweza kuimba naongeza, nikishindwa kumaliza sentensi moja napunguza, nataka nikae pale katikati ambapo naweza kuongea kwa kukatakata. Kama una saa ya kupima mapigo ni vizuri zaidi, ila ile kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 toa umri wako, isikutishe, inaweza kupishana na moyo wako kwa mapigo kumi na zaidi, we jisikilize pumzi.

Nilianza na vipande vya dakika tano na kupumzika katikati, nikawa narefusha wiki hadi wiki mpaka nikaweza kukaa juu dakika 20 mfululizo, napumzika kidogo narudia. Hiyo ndo kazi kuu ya wiki. Siku moja katikati ya wiki naifanya kali, dakika tatu za kukaza na dakika tatu za kutembeza miguu tu, mara tano, halafu basi, siongezi hata kama najisikia vizuri. Na Jumamosi alfajiri kabla magari hayajaamka naenda barabarani, hii haina mbadala. Mashine inasukuma juu chini, baiskeli inazungusha, nyonga inakunjika tofauti, mgongo unainama tofauti, kwa hiyo nguvu uliyoipata sebuleni lazima uipeleke kwenye pedali uifundishe kuzunguka. Pale Pugu naweka gia nzito kusudi, nasukuma mizunguko 50 au 60 kwa dakika nikiwa nimekaa, nageuza nashuka, narudia tena, mpaka wauza mihogo wa pale wananisalimia kwa jina.

Mikono nayo. Ukichoka mikono itataka kukuvuta, usiiruhusu. Shika vishikio kwa vidole tu kama umeshika yai, kazi ifanywe na miguu, na kisigino kisining'inie nje ya kikanyagio maana unyayo utakufa ganzi na kifundo kitalalamika wiki nzima. Ukishika kwa kukaza huku mikono iko juu ya kichwa presha nayo inapanda zaidi, kwa hiyo mwenye historia ya presha au moyo aanze kwa daktari kabla ya kuanza kwenye mashine, hili nalisema kwa uzito wote.

Joto ndo adui mkubwa kwa huku kwetu. Barabarani kuna upepo, hata ule wa kasi yako mwenyewe unakupoza, sebuleni hakuna. Februari pale Dar jasho halikauki linadondoka tu, mkeka chini unalowa mpaka unateleza. Nafungua madirisha yote, feni naielekeza kifuani sio mgongoni, na maji nayatia chumvi kidogo na sukari na ndimu. Ukiona mapigo yanapanda wakati kasi yako haijabadilika, mwili unapambana na joto, punguza, usijisikie mnyonge.

Halafu kelele. Nakaa ghorofani, na mazoezi yangu ni saa kumi na moja asubuhi. Siku moja nakutana ngazini na mama anayekaa chini yangu, mtu mzima, namwamkia, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, hujambo? Eti hiyo cherehani unayoshonea alfajiri ni ya biashara?" Nikamweleza ni mashine ya mazoezi, nikamwomba radhi, akasema haina neno ila mbona inalia hivyo, ngoja. Akaingia ndani akatoka na kile kichupa chembamba cha mafuta ya cherehani. Matone mawili kwenye ekseli ya kapi, nikakaza na bolti zote kwa spana, nikatandika na vipande vya mpira chini ya miguu ya mashine. Kimya. Tangu siku hiyo kukaza bolti ni kazi yangu ya kila Jumapili, maana chuma kinachobeba uzito wako kinacheza polepole bila we kujua.

Fundi wangu wa baiskeli ndo aligundua mabadiliko kabla yangu. Nilimpelekea baiskeli abadilishe mnyororo, akaupima na kile kipimo chake akaniangalia, "Kaka, huu umevutika haraka, siku hizi unasukuma umesimama eh?" Kweli, nilikuwa nimeanza kusimama kwenye pedali bila kufikiria. Na hapo ndipo mashine inafanana na baiskeli kuliko mahali pengine popote, ukisimama kwenye pedali mlimani uzito wako ndo nguvu yako, unauhamisha kulia na kushoto, nyonga imefunguka, ni mwendo ule ule wa sebuleni.

Lushoto nilienda msimu wa baridi, tulilala Mombo tukaanza kukiwa bado kijivu. Nitasema ukweli wa kile mashine iliyonipa na kile isiyonipa. Pumzi ilinipa, yani mpaka Soni nilikuwa naongea na wenzangu, na kwenye zile kona zinazokaza nilisimama nikapanda bila paja kuungua ule muunguzo wa kukata tamaa. Soni pale kwenye maporomoko tulikunywa chai ya tangawizi, tukala na ndizi, na miguu ilipoanza tena haikugoma. Isichonipa ni makalio, samahani kwa neno, tandiko linataka masaa yako na hakuna njia ya mkato. Shingo pia. Na kushuka! Kurudi chini na kona zile, basi za abiria nyuma yako, breki unazigusa moja moja ili rimu zisipate moto, hiyo ni elimu nyingine kabisa ambayo nguzo ya chuma haiwezi kukufundisha, ikabidi wenzangu wa Tanga wanitangulie nifuate wanapopita wao kwenye kona.

Ila nilifika juu. Nilifika bila kukanyaga chini isipokuwa pale Soni, na mimi ni mtu wa kuzaliwa usawa wa bahari.

Huwa nawakumbusha wenzangu wa Dar habari za Waholanzi. Nchi yao ni tambarare kama meza, na bado ule mlima wa Alpe d'Huez kule Ufaransa, wenye kona 21, watu walifikia kuuita mlima wa Waholanzi kwa jinsi walivyokuwa wanashinda pale kwenye Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa. Mwenzao Joop Zoetemelk alishinda pale 1976 na 1979 na mwaka 1980 akabeba Tour de France yenyewe. Kwa hiyo habari ya kwamba mtu wa tambarare hawezi mlima mi siipokei. Na majirani zetu wa Rwanda ndo wametuonyesha baiskeli ya milima ikoje, yale mashindano ya dunia ya Septemba 2025 pale Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, wanaume walienda kilomita zaidi ya 260 na kupanda zaidi ya mita 5,000 kwa siku moja, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda na wengi wakaachia njiani. Nilivyoangalia vile vilima nilitamani kupanda basi la Kigali usiku ule ule.

Mnaoniuliza mnunue ipi, sitataja duka. Nitasema tu cha kuangalia hasa kama ni ya mkononi. Angalia kwanza uzito wa juu inaoruhusu, huwa umeandikwa kwenye kibandiko chini, na wewe ubaki chini yake kwa kilo nyingi sio kwa kilo mbili. Vuta ule mkanda au kamba ya kwenye kapi uikague urefu wote, ikiwa imeanza kufumuka nyuzi usiichukue hata kwa bure. Vitundu vya pini za kurekebisha urefu viwe vya duara, vikishakuwa na umbo la yai pini itacheza. Kisha panda, usimamie dakika mbili kamili mbele ya muuzaji kwa hatua ndefu, mguu ushuke mpaka chini. Nguzo ikiyumba kulia kushoto ukiwa mwendo wa taratibu, mwambie asante, shuka, uendelee kutafuta.