Pauni Elfu Nne

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 niliamka nikakuta intaneti imelala. Nikazima ruta, nikaiwasha, nikaizima tena. Taa zote kijani, ukurasa hauji. Na saa tano nilikuwa na mkutano wa video na mama mmoja mwenye mkahawa London. Ninamtunzia hesabu zake nikiwa chumbani kwangu Kinoo, na kungojeshwa ni kitu asichokipenda hata kidogo.

Nikaona heri niende Westlands, kwenye ofisi za pamoja, zile unazolipia meza kwa siku. Mimi huyu huyu niliyekuwa nikiwacheka wenzangu kwa kutoa shilingi 1,000 wakakalie kiti ilhali kwao viti vipo! Njiani msongamano haukusemeka. Shule zilikuwa zinafunguliwa siku hiyo, baada ya mafuriko kuahirisha muhula, na matatu za Waiyaki Way zilijaa masanduku ya bati na magodoro. Pembe ya sanduku moja ilinidunga gotini safari nzima. Mwenyewe, kijana aliyevaa sweta kubwa kumliko, aliniambia "pole, bradha" kila dereva alipofunga breki.

Dada wa mapokezi akanipa kikaratasi chenye nywila. Nikaketi karibu na soketi, nikafungua kompyuta. Ukurasa ukazunguka. Ukazunguka tu.

"Usijisumbue, kaka," jirani yangu wa mezani akasema bila kugeuka. "Kebo mbili zimekatika baharini jana, upande wa Afrika Kusini. Sote hapa tunanyonya mrija mmoja."

Mbona yeye alikuwa anatazama video ya muziki? Akanieleza: nakala yake imehifadhiwa kwenye seva za hapa hapa Nairobi, haihitaji kuvuka bahari. Cha Ulaya ndicho kinachokwama. Kwa hiyo shilingi 1,000 zangu zilikuwa zimeninunulia kiti na chai ya bure.

Saa tano kasorobo nikanunua kredo ya shilingi 500 nipige simu ya kawaida, kama enzi za wazee wetu. Vile vibanda vya mle ofisini vya kupigia simu vilikuwa na foleni, nikajibanza jikoni kando ya mtungi wa maji, kompyuta nimeiweka juu ya friji. Bahati nzuri hesabu zenyewe zilikuwa ndani ya mashine. Yule mama akachukua kalamu, mimi nikaanza kumsomea: mauzo ya Aprili, mishahara, maziwa, kodi. Laini ilikuwa inakoroma, kila tarakimu nairudia mara mbili, na kila nikirudia sauti inapanda. Tulipofika kwa wadaiwa nilikuwa napiga kelele kama makanga wa Kangemi. Siri za watu, jamani, na nilikuwa nimeapa kuzitunza.

Nilipokata simu, ukumbi ulikuwa kimya. Mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi, sijui tangu saa ngapi.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "huyo anayedaiwa pauni elfu nne, ana watoto?"

Nikamwambia sijui. Ninachojua ni kwamba aliagiza keki za harusi tatu, akanyamaza.

"Harusi tatu?" Akafikiri kidogo. "Basi alipe."

Akainama, akaendelea kupiga deki.