Nilivyolala nje na mbwa wangu, njiani kwenda Marangu

Nilipiga simu siku nne kabla ya safari. Nikamwambia dada wa mapokezi kwamba nakuja na mbwa, wa kienyeji, mkubwa, amechanjwa, nikamuuliza kama wanapokea. Akajibu, “Karibu sana, hakuna shida.” Nikamtumia picha ya Popi kwa WhatsApp, nikatuma na pesa ya chumba, 45,000 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo nilipoingia Korogwe saa mbili usiku, mahali pa kulala palikuwa jambo la mwisho kunitia wasiwasi.

Popi nilikuwa nampeleka kwa mama, Marangu. Tangu baba afariki mama anaishi peke yake kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na mbwa wake mzee alikuwa amekufa mwezi wa tisa. Ndizi zilikuwa zinakatwa usiku, na mama hakuwa akilala vizuri. Ilikuwa Desemba, wiki ile ambayo Wachagga wote tunarudi nyumbani kwa Krismasi. Nilipita Bagamoyo nikatokea Msata ili kukwepa foleni ya Kibaha, nikawa nasimama kila baada ya saa mbili Popi ashuke, anywe maji, ajinyooshe. Asubuhi nilimpa chakula kidogo tu, maana akishiba anatapika garini. Kuendesha usiku hadi Himo sikutaka. Malori yanayoharibika huachwa barabarani bila taa, na mimi ni dereva peke yangu.

Yule dada wa kwenye simu hakuwepo. Alikuwepo kaka mmoja ambaye hakuitikia salamu yangu. Alimtazama Popi, akarudi kwenye simu yake, akasema, “Hiyo itoe nje.” Nikamwonyesha ujumbe. Akamwita meneja. Meneja alisimama mlangoni, akasema wageni wanaogopa, wengine wanaswali, mbwa hawezi kupita koridoni.

Hoja hiyo naiheshimu. Nimekulia Ilala, ukuta mmoja na Waislamu, na tangu utotoni najua kwamba mate ya mbwa yakimpata mtu aliyejiandaa kwa swala yanamrudisha kwenye maji. Angeniambia hivyo siku nne nyuma ningemshukuru na kutafuta kwingine. Lakini sasa ilikuwa usiku, pesa wanayo wao, na nilipoiomba nikaambiwa ikishaingia hairudi. Nilale mimi ndani, mbwa abaki kwenye gari, halafu niongeze 20,000 ya usafi. Nikamuuliza usafi wa nini kama mbwa haingii chumbani. Hakunijibu, alinigeuzia mgongo mbele ya watu waliokuwa wanasubiri funguo zao.

Kumwacha kwenye gari nilikataa. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na akihemea ndani ya gari lililofungwa, hewa inazidi kuwa nzito na ya moto. Korogwe mwezi wa kumi na mbili hata usiku kuna fukuto. Na ukiacha vioo wazi usiku kucha, asubuhi unaweza usikute gari wala mbwa.

Aliyenisaidia ni mzee wa getini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia yote. Leta gari huku, chini ya mwarobaini.”

Akaniambia waziwazi kwamba hatamgusa Popi, kwa sababu ana swala ya alfajiri, ila maji atampa. Akakata kidumu kwa kisu, akamimina maji, akakisukuma kwa fimbo hadi miguuni kwa Popi, akarudi kukaa. Popi alikunywa mpaka nikasikia kidumu kinakwaruza sakafu. Mzee akanisimulia habari ya mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Mtu yule akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akapanda nacho amekibana kwa meno, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Alisimulia taratibu, kama anayenisomea barua. Mimi, niliyekuwa nimezuia machozi tangu mapokezi, hapo sikuweza tena.

Nilitandika mkeka nyuma ya kibanda chake. Chandarua nilikifunga upande mmoja kwenye tawi, upande mwingine kwenye kioo cha pembeni cha gari. Kamba ya Popi nikaizungusha kiunoni. Saa kumi na nusu mzee alikohoa ili niamke, nikamvuta Popi pembeni apate njia ya kwenda kutawadha. Elfu kumi yangu aliikataa mara mbili. Ya tatu akaipokea, akasema ni ya wajukuu. Saa tano asubuhi tulikuwa Marangu.

Mwezi wa nne nilimpelekea mama mbwa wa pili, dada yake Popi. Safari hii sikumuuliza mtu kama “mnaruhusu mbwa”, maana swali hilo ukimuuliza mtu anayetaka mteja, jibu lake ni karibu. Niliuliza, “Mbwa wangu atalala wapi?” Halafu nikauliza nani atakuwa zamu siku hiyo, nikaomba niongee naye. Pesa nikasema nitalipa nikifika. Sehemu mbili walisema moja kwa moja hawapokei, na nikawashukuru kwa moyo wote. Ya tatu ilikuwa nyumba ya kulala wageni ndogo pale Same. Mama mwenye nyumba alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nina banda la mbuzi, mbuzi niliwauza. Nitalifagia.”

Nilifika jioni upepo wa Same ukivuma. Banda lilikuwa limefagiwa kweli, alama za chelewa bado ziko kwenye vumbi, na mlangoni pamewekwa beseni la maji.