Jembe, ngoma na GPA: mradi umefika hapa

Lengo halijabadilika: nimalize mwaka wa pili wa ualimu wa fizikia na hisabati nikiwa na GPA (wastani wa alama za chuo) ya juu ya 3.5, na nicheze bugobogobo kwa kiwango cha kupangwa mstari wa mbele. Wenzangu wa vimbwetani (meza za nje tunakosomea) huku Malimbe, Mwanza, chuo kilipo, wanasema nichague moja. Sijaona sababu.

Kwa asiyeijua, bugobogobo ni ngoma ya jembe ya Wasukuma, iliyotoka shambani, watu walipolima pamoja kwa kufuata mdundo. Siku hizi uwanjani jembe linarushwa, linazungushwa, linapitishwa nyuma ya shingo na kudakwa, na mdundo usikupite.

Machi

Nimepata kitovu cha uzito cha jembe langu. Nililaza mpini juu ya kidole, nikausogeza taratibu mpaka jembe likatulia. Kiko karibu sana na chuma. Nimefunga uzi mwekundu pale pale. Jembe likishatoka mkononi linazunguka kwenye uzi huo, na uzi wenyewe unapanda na kushuka bila kuyumba. Jicho likifuata uzi badala ya chuma, woga wa kudaka unapungua sana.

Aprili

Hesabu ya urefu wa kurusha. Jembe likipanda mita 1 juu ya mkono, linarudi baada ya sekunde 0.9 hivi. Ngoma ya mapigo 120 kwa dakika ina nusu sekunde kati ya pigo na pigo, kwa hiyo ili jembe litue kwenye pigo la pili, lipande kama mita 1.2. Ngoma ikichangamka hadi 140, mita 0.9 zinatosha.

Nikampelekea daftari mzee anayetufundisha kule Kisesa. Akaligeuza huku na huku, akacheka.

"Mayu (yaani mama), ngoma ikikimbia, shusha jembe. Hilo hata mchunga ng'ombe analijua."

Sawa babu, lakini kwenye testi ya umakanika natakiwa nionyeshe njia!

Kinachokula muda hasa ni barabara, ngoma yenyewe wala haili mwingi. Kutoka Malimbe hadi Kisesa unaukata mji mzima: Nyegezi, Mkuyuni, Mabatini, Igoma, na foleni zake. Nimejirekodi kwenye simu nikisoma notisi za aljebra, nasikiliza njia nzima. (Makonda wengine wanalitoza jembe nauli ya mzigo. Tunabishana.)

Mei

Huku ndiko kwenye mgogoro wenyewe, na ni wa kalenda. Wasukuma wanashindana ngoma baada ya mavuno, kazi ikishaisha. Chuoni, miezi hiyo hiyo ndiyo kazi inapamba moto. Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma pale Bujora, karibu na Kisesa, huandamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo tarehe yake hutegemea Pasaka. Mwaka huu wa 2026 ni Jumapili ya 7 Juni, katikati kabisa ya testi zetu.

Na mashindano ya Bagika na Bagalu si ya kuchungulia na kuondoka. Vyama hivi viwili, vilivyotokana na wachezaji waganga Ngika na Gumha katika karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mchezaji mwenye mawazo ya testi ya kesho hamvuti mtu.

Kwa hiyo nimejitoa kwenye kikosi cha mwaka huu. Nitakwenda siku ya ufunguzi kutazama, jioni narudi kwenye diskasheni. Koswek (testi na kazi za muhula kabla ya mtihani) ni alama 40, sizichezei. Nikipata sapu (mtihani wa marudio), likizo yote itakuwa ya kusoma, na likizo ndiyo msimu wenyewe wa ngoma. Wanaonishauri niache ngoma ili nifaulu hawajaliona hili: nafaulu ili nipate kucheza.

Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, hivyo sikukuu inaangukia 30 Mei, kabla testi hazijaanza kubana. Nimeshaomba nafasi kwa mzee. Amesema tutaona.

Kinachofuata

Mpini mpya. Wa sasa ni mzito na mikono inachoka kabla ya ngoma kuisha. Fundi wa Igoma ameshataja bei, nasubiri bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi). Mpini mwepesi utakisogeza kitovu karibu zaidi na chuma, kwa hiyo uzi mwekundu utahama na mazoezi ya kuzungusha yataanza upya. Hesabu ya urefu haiguswi.