Sikio la Kushoto

Siku ya tatu tangu nirudi Mwembetanga, mama alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, mie nimekaa uani nachagua mchele. Akaniita. Kimya. Akaniita tena, nami nimeinamia ungo wangu. Mara ya tatu alitoka na mwiko mkononi, akanisimamia mbele: "Huko Ulaya ndiko mlikofunzwa kuitwa na mzazi mkanyamaza?"

Mimi huyu niliyelelewa kwamba mtoto wa kike akiitwa anasema "bee", awe kazini awe usingizini. Nikaweka ungo chini, nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia kwa simu hata siku moja: sikio langu la kushoto limepungua, na limepunguzwa na ngoma.

"Ngoma gani?"

Ikabidi nianze mwanzo.

Niliondoka Unguja mwaka 2009. Nyumbani walijua nipo Coventry, Uingereza, nafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, na hilo ni kweli. Wazee wa watu nimewaogesha miaka 14. Wasilolijua ni kwamba mwisho wa wiki, nikishavua sare, nilikuwa mpiga dramu wa bendi ya ska-panki, yaani ska ya Jamaika iliyochanganywa na panki, roki ya kasi na makelele. Watu saba: gita, besi, kinanda, tarumbeta, tromboni, mimi nyuma, na mbele yetu mwanamke mmoja mwenye sauti ya kupasua ukuta.

Kwa nini muziki ule na si mwingine? Kwa sababu ya mji wenyewe. Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapulizaji wake wengi walifunzwa na watawa katika shule ya Alpha mjini Kingston, na mdundo ukakomaa mikononi mwa Lloyd Knibb, mpiga dramu wa bendi ya The Skatalites. Wajamaika walipohamia Uingereza walihama nao. Mwaka 1979 Jerry Dammers, mpiga kinanda wa bendi ya The Specials, akaanzisha lebo ya kutoa muziki, 2 Tone, pale pale Coventry, na vijana weusi kwa weupe wakaichanganya ska na hasira ya panki, nguo zao na majalada ya sahani zao za santuri yote miraba ya nyeusi na nyeupe. Kati yao alikuwamo Pauline Black, mwimbaji wa bendi ya The Selecter, mwanamke mweusi kavaa suti na kofia ya kiume, wanaume wote nyuma yake. Na London, mwaka huo huo, wakatokea The Bodysnatchers, bendi ya wanawake peke yao hadi mpiga dramu. Picha yao niliikuta kwenye duka la sahani za mitumba, nikasimama nayo mpaka mwenye duka akaniuliza kama nainunua au la.

Nimetoka kisiwa ambacho Bi Kidude alipita na msondo katikati ya miguu yake mpaka uzeeni. Mwanamke na ngoma kwangu halikuwa neno la kuelezwa. Lakini kule, baa baada ya baa, fundi wa mitambo ya sauti angenipita nimeshika fimbo mbili mkononi, amuulize mpiga gita: "Mpiga dramu wenu keshafika?" Miaka 11 ya bendi, na swali hilo halikuwahi kuacha kuniuma.

Mdundo wenyewe niwaeleze, maana ndio uliokuwa maisha yangu. Hesabu moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Gita la ska halipigi kwenye namba, linakaa kwenye ile "na", mahali mtu anapovuta pumzi. Mpiga dramu unaangusha mguu na fimbo pamoja kwenye pili na nne, na matoazi ya kushoto, yale mawili yanayofunguka na kufunga kwa mguu, yanachechemea kati yake bila kupumzika. Halafu kiitikio kinakuja, panki inaingia, mwendo unakuwa maradufu, na mikono hiyo hiyo iliyokuwa inabembea inatakiwa ikimbie. Dakika tatu, mara mbili au tatu unavuka huku na kule. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa inachubuka kila Ijumaa na kupona Alhamisi.

Sikio limeondoka kwa hayo matoazi ya kushoto. Yanakaa karibu mno, na miaka minne ya mwanzo sikuvaa vizibo kwa sababu nilitaka kumsikia mwimbaji. Daktari alinieleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kwenda. Sauti ya mama yangu ni nyembamba.

Kuhusu mwimbaji wetu nataka kusema zaidi, kwa sababu watu wanamjua uso na mimi namjua mgongo. Aliyekaa kwenye dramu haoni kingine. Nilijua amechoka kabla hajajua mwenyewe, kwa namna bega la kulia linavyoshuka. Tulikuwa na lugha yetu ya mkono: mkono wake wa kushoto, nyuma ya kiuno, watu wasiuone. Vidole viwili, ongeza mwendo. Kiganja kilichofunguliwa kikishuka polepole, punguza. Ngumi, simama.

Ngumi niliiona mara chache. Usiku mmoja, katika ukumbi mdogo wa chini ya ardhi, mwanamume aliyekuwa mbele kabisa alinyoosha mkono akamshika mwimbaji mguu, mwimbaji akautoa mkono ule, yule mtu akarudia. Sikuona mkono wa yule mtu, niliona ngumi. Nikakata katikati ya ubeti. Dramu ikinyamaza kila mtu hunyamaza, hakuna chombo kingine kinachoweza hivyo. Mwimbaji akainama, akazungumza na yule mtu kwenye maikrofoni, taratibu, ukumbi mzima unasikia, mpaka akatolewa. Kisha vidole viwili. Tukaanza tena tulipoachia.

Nilifikiri kazi yangu ni kupiga. Usiku ule nilielewa kwamba kunyamaza nako ni kazi yangu, na mwanamke aliye mbele anaweza kuimba bila woga kwa kuwa anajua aliye nyuma hajaondoa macho.

Sasa nimerudi moja kwa moja. Magoti ya mama yamechoka, na mdogo wangu kaolewa Pemba. Dramu nimeziuza. Sandukuni nimekuja na fimbo jozi tatu na kanyagio la dramu kubwa, chuma kizito ambacho yule afisa wa uwanja wa ndege alikigeuza na kukigeuza akadhani ni kipuri cha cherehani.

Wiki ya pili palikuwa na harusi ya binamu, na beni likaja. Nilikuwa nimelisahau, wallahi. Tarumbeta, tromboni, ngoma, wanawake wanacheza barabarani kwa mistari, magari yamesimama. Tromboni ile iliyochoka kidogo, isiyokaa sawasawa kwenye noti, ilinikamata koo. Jina lenyewe linatoka kwenye Kiingereza, na ngoma hii imetembea pwani yote kwa zaidi ya miaka mia. Nikamwomba mzee mpiga ngoma anipishe kidogo. Akanipisha. Nikaanza, na kabla ya nusu dakika wanawake walikuwa wananigeukia: nawakimbiza. Viuno vyao vinakwenda mahali, mie mikono yangu iko Coventry.

"Taratibu mwanangu," mzee akasema, "watazame."

Nikawatazama. Bibi mmoja wa mbele, khanga kiunoni, alikuwa anashuka kila baada ya hatua ya nne, na nilipoanza kumfuata yeye badala ya kuhesabu, ngoma ikatulia. Si vizuri kama mzee. Nina mengi ya kujifunza, na nimeshamwomba anifunze. Vizibo vya masikio nilivyompa kavitia mfukoni, nitamuuliza tena.

Mama hakusema neno siku ile niliyomsimulia. Usiku wa jana, baada ya isha, akaniambia nimwoneshe hiyo bendi. Video zote zinamwonesha mwimbaji, kasoro moja: mpiga tromboni alitundika simu nyuma ya kiti changu, kwa hiyo unachokiona ni mabega yangu, na mbele yake mgongo wa yule dada, na mbali kule taa na vichwa vya watu.

Akaitazama mpaka mwisho.

"Na huyu wa mbele, mtoto wa nani?"

Nikamweleza. Akauliza kama ana mama. Yupo, nikamwambia, Birmingham.

"Mkono huu hapa nyuma anakwambia nini?"

"Ananiambia nipunguze."

Akainuka kwa taabu, akazunguka, akaja kukaa kuliani kwangu.

"Hebu irudishe," akasema.