Andiko la uzamivu ni deni linalodaiwa mara mbili

Mwanafunzi wa uzamivu huulizwa maswali yaleyale mara mbili. Mara ya kwanza ni siku anapotetea andiko la utafiti mbele ya jopo la idara, kabla hajakanyaga mwaloni, yaani pale pwani mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Mara ya pili ni miaka kadhaa baadaye, tasnifu ikiwa mezani, na mtahini wa nje amefungua sura ya mbinu. Ahadi ni deni, na andiko ni ahadi iliyopigwa chapa. Ukiandika kwamba utahoji wavuvi 587 katika mialo 59, kuna mtu atakuja kuhesabu.

Haya ni kwa wenzetu ambao data zao ziko Ziwa Victoria, awe amesajiliwa Malimbe au Bugando jijini Mwanza, Dar es Salaam au Morogoro.

Kwanza fahamu uko njia ipi. Kwenye vyuo vya Marekani mwanafunzi husoma kozi, kisha hufanya mtihani wa jumla wa taaluma yake, na akifaulu ndipo anapoitwa mtahiniwa wa uzamivu. Kwetu Tanzania kuna njia mbili: ya kozi na tasnifu, ambayo ina mitihani ya darasani, na ya tasnifu pekee, ambayo mlango wake ni utetezi wa andiko. Katika vyuo vingi aliyeingia kwa tasnifu pekee hupewa usajili wa muda, na usajili kamili huja baada ya andiko kupitishwa. Kwa hiyo utetezi huo ndio mtihani wako wa utahiniwa, hata kama hakuna karatasi ya maswali. Chukua kanuni za masomo ya uzamili za chuo chako, toleo linalotumika sasa, uulize kwa maandishi kama unabanwa na toleo la mwaka uliodahiliwa au hili jipya. Jibu lihifadhi. Idadi ya makala unazotakiwa kuchapisha kabla ya kuwasilisha tasnifu, ukomo wa maneno na muda wa juu wa masomo ni mambo yanayobadilika kati ya toleo na toleo, na anayeumia ni yule aliyesikia kwa mwenzake koridoni.

Jopo huanzia kwenye tatizo la utafiti, na hapo ndipo maandiko mengi hukwama. Kosa la kawaida ni kusema "hakuna utafiti wa aina hii uliofanyika Mwanza." Hiyo ni sababu ya kijiografia tu, na mjumbe mmoja atauliza: kwani kuna nini Mwanza kitakachofanya majibu yawe tofauti na ya Bukoba? Pengo la kweli linahusu kitu ambacho tunapima vibaya au hatukielewi. Chukua hasara ya dagaa baada ya kuvuliwa. Tuseme tafiti ulizosoma zimepima hasara kwa kilo zilizotupwa. Sasa nenda mwaloni msimu wa masika. Dagaa walioanikwa mchangani wakinyeshewa, wengi hawatupwi. Huuzwa kwa bei ya chini kwa ajili ya chakula cha kuku. Kilo hazijapotea, fedha ndiyo imepotea, na aliyeipoteza mara nyingi ni mama mchakataji aliyekwisha kulipa bei kamili alfajiri. Pengo hilo linaeleweka kwa sentensi tatu, linaonyesha nini kipimwe, na limetoka mwaloni penyewe.

Baada ya hapo ni sampuli. Kila mtu huja na kanuni ya Yamane ya mwaka 1967: idadi ya watu unaigawa kwa moja kuongeza idadi hiyo mara kiwango cha kosa kilichozidishwa chenyewe. Kwa wavuvi 4,000 na kosa la asilimia 5, ni 4,000 ÷ (1 + 4,000 × 0.0025), yaani 4,000 ÷ 11, sawa na 364. Hesabu ni sahihi, lakini kanuni hiyo inadhani kwamba umeandika majina yote 4,000, ukayachanganya na kuchomoa moja moja. Wewe hutafanya hivyo. Utachagua mialo kwanza, kisha watu ndani ya kila mwalo, na watu wa mwalo mmoja hufanana: wanauza kwa wanunuzi walewale, wanatumia nyavu za aina moja, wanapigwa na upepo mmoja. Mtu wa ishirini wa mwalo huohuo anakuongezea habari kidogo kuliko wa kwanza.

Ndiyo maana kuna kizidisho cha makundi: moja, jumlisha idadi ya watu kwa mwalo kutoa moja, mara kiwango cha kufanana kwao. Ukichukua watu 20 kwa mwalo na kufanana kwa 0.05, kizidisho ni 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Wale 364 wanakuwa 710. Weka na asilimia 10 ya watakaokataa au kukosekana, ugawe 710 kwa 0.9, unapata 789, yaani mialo 40. Ukichukua watu 10 tu kwa mwalo, kizidisho kinashuka hadi 1.45. Watu wanakuwa 528, na baada ya kuwafidia watakaokosekana ni 587, lakini mialo inapanda hadi 59. Umepunguza mahojiano 202 na umeongeza safari 19. Ipi nafuu? Inategemea kama mialo yako iko Ilemela na Magu, unakofika kwa daladala na bodaboda, au imetawanyika kwenye visiwa vya Ukerewe ambako kila safari ni nauli ya mtumbwi. Weka hesabu zote mbili kwenye andiko na useme kwa nini umechagua moja. Ile 0.05 ya kufanana nayo ina deni lake: itoe kwenye utafiti uliochapishwa wa jamii inayofanana na yako, au kwenye majaribio yako mwenyewe. Na kama utafiti wako ni wa mahojiano ya kina, usiulete Yamane kabisa. Hapo jopo linataka kujua utawachaguaje watu na utajuaje kwamba umefikia mahali ambapo hawakuambii jipya.

Orodha ya kuchagulia watu ni mtego mwingine. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo kina daftari la wanachama na vyombo, na mwanafunzi huona kazi imekwisha. Lakini wavuvi huhama na samaki. Aliyetoka Musoma wiki mbili zilizopita na kambi yake hayumo daftarini, na aliyemo huenda yuko Muleba. Ukitumia daftari peke yake unapata wenye makazi ya kudumu na kuwaacha wahamaji, ambao pengine ndio hasa unaowatafuta. Njia inayoteteka ni kuorodhesha mitumbwi iliyopo pwani siku ya kufika, ikiwemo ya wageni, kuchagua mitumbwi kwa bahati nasibu, kisha kuchagua mtu mmoja ndani ya kila mtumbwi. Mwenye mtumbwi na mvuvi wa kulipwa ni watu wawili wenye maisha mawili, na mwenye mtumbwi ndiye atakayejitokeza kwanza kuhojiwa. Amua mapema unamtaka nani.

Halafu kuna mwezi. Mwezi wa angani, si wa kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika kwa takribani siku kumi. Ukija kupima mavuno siku hizo unakuta mitumbwi imepinduliwa mchangani. Ukija kuhoji watu usiku wa giza unawakuta wamelala mchana, wamechoka, wanajibu ili uondoke. Kwa hiyo kipimo cha mavuno kina safari yake ya siku za giza, na hojaji zina safari yake mwanzoni mwa mbalamwezi, kabla watu hawajaondoka kwenda nyumbani. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu, hivyo jedwali la kazi lenye vyumba vya Januari, Februari na Machi litakupotosha kidogo kidogo: baada ya miezi sita umeachwa nyuma kwa siku nne au zaidi. Andika tarehe za mwezi mpevu za mwaka mzima kwenye jedwali lenyewe. Mjumbe anayelijua ziwa akiziona hatakuuliza tena kama umewahi kufika huko.

Vipimo navyo visipite hivihivi. Dagaa huhesabiwa kwa beseni, na mwanafunzi huandika "beseni 6" kana kwamba beseni ni kilo. Kuna beseni la kusawazisha na kuna la kurundika mpaka kilele, wapo dagaa wabichi na waliokauka nusu, na kila mwalo una beseni lake. Beba mizani. Katika kila mwalo pima mabeseni yasiyopungua kumi, ya wabichi na ya wakavu kila aina peke yake, uandike uzito wa beseni tupu, kisha utumie wastani wa mwalo ule kwa data za mwalo ule. Vilevile swali la kipato: "unapata shilingi ngapi kwa mwezi" huleta namba ya kubuni. Uliza safari ya mwisho, mavuno yake, bei, mafuta, mgawo wa mwenye mtumbwi, na idadi ya usiku waliotoka katika giza lililopita. Hesabu utaifanya mwenyewe.

Vibali vianze mapema, tena kwa pamoja inapowezekana. Asiye raia huomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Raia kwa kawaida huanza na barua ya chuo chake. Ukigusa afya za watu unahitaji kamati ya maadili: Bugando ipo kamati ya pamoja ya chuo kikuu cha afya cha CUHAS na hospitali, na kwa ngazi ya taifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Cheti cha maadili kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, na data ulizokusanya baada ya kuisha kabla hujakihuisha zinaweza kukataliwa zote, hata ziwe nzuri vipi. Majina na namba za simu za watu zinaangukia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo eleza utazihifadhi wapi na utazifuta lini. Kutoka chuo, barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, mwisho mwenyekiti wa BMU. Barua ya Mwanza haifanyi kazi nje ya Mwanza: visiwa vya Muleba ni Kagera, Chato ni Geita. Tembea na nakala nyingi, kila ofisi itabaki na yake. Mwaloni, kabla ya barua kuna salamu. Mwenyekiti akiwa mtu mzima, shikamoo kwanza, kaa chini, eleza kwa mdomo, ndipo utoe karatasi.

Safari ya Sengerema imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lakini Ukerewe bado ni kivuko au meli. Acha siku mbili za akiba kwa kila safari ya kisiwani, na jaketi la kuokolea maisha liwe kwenye bajeti kwa kila msaidizi. Kamati ya maadili huuliza usalama wa wahojiwa, ila usalama wa wasaidizi wako ni jukumu lako hata kama hakuna aliyeuliza.

Ziwa litabadilisha mipango yako. Mwalo utafungwa, msaidizi ataugua, upepo utakula siku tatu. Hilo si kosa. Kosa ni kulinyamazia. Fungua daftari la mabadiliko siku ya kwanza: tarehe, andiko lilisema nini, umefanya nini, kwa sababu gani, msimamizi alijulishwa lini. Mialo 59 ikiwa 54, mtahini hatakuangusha kwa ile mitano. Atakubana ukimwambia 59 huku viambatisho vikionyesha 54. Badiliko linalogusa wahojiwa, kwa mfano swali jipya au kundi jipya la watu, lipitie kamati ya maadili kabla ya kulitekeleza.

Kwenye tasnifu yenyewe, sura ya mbinu isiwe andiko la zamani lililobadilishwa "nitafanya" kuwa "nilifanya". Iandike upya kutoka kwenye daftari. Hojaji ziwekwe kwenye viambatisho kwa Kiswahili kama zilivyoulizwa, pamoja na tafsiri kama tasnifu ni ya Kiingereza, maana neno moja lililotafsiriwa vibaya hubeba jedwali zima. Programu ya kukagua mfanano iendeshe mapema kwa sura moja moja. Sura ya mbinu ndiyo hupandisha asilimia, kwa sababu wengi hunakili maelezo ya wilaya na ya kanuni za takwimu kutoka tasnifu za wenzao. Ukingo wa kushoto acha mpana kama kanuni zinavyotaka, jalada litakula sehemu yake.

Utetezi wa mwisho mara nyingi huisha kwa marekebisho, na hayo si aibu. Tengeneza jedwali la safu nne: hoja ya mtahini kwa maneno yake, ulichofanya, sababu pale ambapo hukukubaliana naye, na ukurasa. Hoja moja yenye maswali matatu igawe mistari mitatu. Safu ya ukurasa ijaze mwisho kabisa, baada ya sentensi ya mwisho kuingia, kwa sababu kila aya unayoongeza inasukuma kurasa, na mtahini hufungua ukurasa uliomtajia.