Kabla ya kumwita mvivu, kagua mfuko wake wa dawa

Ninapotembelea familia zenye mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, hapa Mbeya, Uyole au Ilomba, kinachowachosha ndugu mara nyingi si sauti anazosikia. Sauti hizo zimeshatulizwa na dawa. Ni kwamba ametumwa maji, akasimama njiani na ndoo mkononi. Wanamwita mvivu, na neno hilo linaniuma. Ugonjwa wenyewe hupunguza umakini, kumbukumbu na uwezo wa kupanga hatua, na dawa za kutuliza sauti haziurudishi sana uwezo huo.

Naanza na mfuko wa dawa. Natafuta benzeksoli, kidonge cha kuzuia misuli kukakamaa na mikono kutetemeka kwa sababu ya dawa za kutuliza sauti, kama haloperidoli au sindano ya mwezi. Kinasaidia kweli, ila kinafifisha kumbukumbu, na wapo wanaokimeza miaka bila mtu kuuliza kama bado kinahitajika. Naandika jina, miligramu na mara ngapi kwa siku, karatasi iende kliniki. Anayepunguza ni daktari, kidogo kidogo. Ukikatisha ghafla, misuli inaweza kukakamaa tena. Naulizia pia pombe, komoni na ulanzi, na bangi, maana navyo hufifisha kumbukumbu.

Kisha nachagua kazi moja tu, tuseme kupika chai: maji vikombe viwili, moto, majani, sukari, kuchuja. Nafanya mimi nikitaja kila hatua. Halafu anafanya yeye, nami nataja hatua kabla mkono wake haujaenda. Simwachi abahatishe. Akitia chumvi badala ya sukari, kesho mkono utaifuata chumvi ileile. Tendo hukaa kichwani, sahihisho hupotea. Akiweza, namrudisha kwenye hatua hiyo baada ya dakika 1, kisha 2, kisha 5. Akikwama, narudi kwenye muda wa mwisho aliouweza. Dakika 20 zinatosha. Akichoka hashiki kitu.

Nyumba nayo inapangwa, na hapa wengi hukosea kwa kuwafanyia wote sawa. Asiyeanza jambo mpaka asukumwe anahitaji kengele ya simu, na dawa ziwekwe pembeni ya chupa ya chai anayoigusa kila asubuhi. Anayerukia kila anachokiona anahitaji vitu vipunguzwe. Baridi ya Juni, ukimwachia sanduku zima la nguo atavaa mashati matatu bila koti. Tundika msumarini shati moja, suruali moja, koti moja, sanduku lifungwe. Karatasi ya kumkumbusha ninayobandika mlangoni nabadilisha rangi kila baada ya wiki chache, maana jicho likiizoea haliioni tena.

Na mama anapomtuma, aseme jambo moja: "Mwanangu, chukua ndoo." Anyamaze, ahesabu moyoni mpaka kumi. Akishaishika ndiyo aambiwe: "Nenda bombani."